Fundi Lukmani Aliyeshona Amesimama

Mume wangu Lukmani ni fundi cherehani, na ana ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari anayeutibu: hawezi kuona kitu kilichopasuka akakiacha. Mgeni akija na shati lenye tundu kwapani, mazungumzo hayamwingii Lukmani mpaka shati livuliwe. Siku moja alimsimamisha mzee aliyekuwa anawahi mazishi, akamshona pindo la kanzu palepale njiani. Mzee alifika kaburini wa mwisho, lakini alifika nadhifu.

Kwao ni Kasulu. Alikuja Kibondo na cherehani yake, akapanga baraza la duka moja sokoni, akanioa mimi Stumai, na pamoja nami akampata mama mkwe. Mama yangu, Mwanahawa, ni muuguzi katika zahanati ya karibu na kwetu, chumba cha kusafishia vidonda. Kwetu sisi Waha mwanaume hamzoei mama mkwe wake, na Lukmani aliishika heshima hiyo kupita kiasi. Akimwona mama anakuja, alihamia upande wa pili wa barabara, hata kama upande wa pili ulikuwa mtaro. Akitaka kumwambia neno aliniambia mimi, na mama amesimama hapohapo. "Mwambie mama mvua inakuja." Mama naye ananigeukia, "Mwambie nimeiona." Basi nami nikawa nafikisha mvua kwa watu wawili wanaoiona.

Mwishoni mwa mwaka 2013, msimu wa sare za shule, nilimpelekea chakula nikamkuta ameipandisha cherehani juu ya matofali. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, na wa pili unakanyaga pedeli. Wateja aliwaambia mafundi wa Dar es Salaam sasa wanashona hivyo. Mimi aliniambia ni kiuno. Msikitini alianza kukaa safu ya mwisho, karibu na mlango, na ibada ikiisha alikuwa wa kwanza kutoka.

Ukweli niliukuta uani. Nilirudi kutoka kisimani kabla hajanitarajia, nikamkuta amekaa ndani ya beseni la maji meusi ya mizizi, machozi yanamtoka.

"Ni nini hiki, Baba Tunu?"

"Bawasiri," akasema. "Nilipanda bodaboda iliyoanikwa juani. Kile kiti kilikuwa cha moto."

Dawa alipewa na muuzaji mmoja stendi, ambaye hakumwangalia hata kidogo. Nilipoangalia mimi, niliona uvimbe mwekundu pembeni ya njia ya haja kubwa, umejaa, una joto kama sufuria. Nikasema namwita mama. Lukmani akanishika mkono.

"Yemwe, Stumai! Nikamwonyeshe mama mkwe matako? Ukimwambia, nahama Kibondo."

Nilimjua. Angehama kweli. Nikanyamaza, na jipu halikunyamaza. Homa ikampanda, akawa anatetemeka mchana kweupe, choo anakiogopa kwa hiyo chakula hali. Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikamwambia achague, leo hii: Kasulu au mama. Akachagua Kasulu. Ndani ya basi alipiga magoti, kifua juu ya kiti, safari nzima. Abiria mmoja alidhani anatuombea safari njema, akaitikia amina.

Hospitalini alitupokea daktari kijana, mtu wa Bukoba, jina lake Castory. Alimwangalia kwa upole, akampima na sukari, kwa sababu mwenye kisukari majipu ya namna hiyo humshika vibaya zaidi. Sukari ilikuwa sawa.

"Hii si bawasiri," akasema. "Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba, mara nyingi kwa kukazana na choo kigumu. Hili ni jipu. Ndani ya njia ya haja kubwa kuna vitezi vidogo vinavyotoa ute. Kimoja kikiziba, vijidudu vinazaliana humo, usaha unajaa na kusukuma kutafuta pa kutokea. Si kiti cha bodaboda wala si mkono wa mtu. Mizizi haitautoa, na vidonge peke yake havitautoa. Dawa yake ni kulipasua."

Wakamchoma sindano ya ganzi, wakampasua. Alipotoka uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, maumivu yale makali yamekwisha. Nilidhani atashukuru. Yeye akauliza, "Daktari, mbona hujashona?"

"Hatushoni. Nikiufunga mdomo, usaha unabaki ndani. Kidonda hiki kinatakiwa kijae kuanzia chini, kidogo kidogo, mdomo ufunge wa mwisho."

"Ego," akaitika Lukmani, lakini nilimwona anavyomtazama daktari. Alikuwa anamtazama fundi aliyekata kitambaa akaenda zake.

Tulielekezwa kila kitu: maji ya vuguvugu ya kukalia kila akitoka chooni, maharage, mboga, matunda na maji mengi ili choo kiwe laini, vidonge avimalize, na kila siku zahanati ya karibu imsafishe na kumwekea shashi safi. Zahanati ya karibu. Nani anakaa chumba cha vidonda pale?

Nikajitolea kumsafisha mimi. Akakataa, akasema ana kioo na ana mikono. Baada ya siku chache akaniita, furaha tele, akanionyesha. Alikuwa ameitoa shashi, amezivuta kingo za kidonda zikakutana, amezibana kwa plasta, moja baada ya nyingine, zimenyooka kama mshono wa suruali ya harusi. "Angalia kazi," akasema. "Daktari aliacha wazi, mimi nimefunga."

Niligombana naye mpaka jirani akaja. Hakuzitoa. Ngozi ya juu ikashikana vizuri sana, na chini yake usaha ukaanza upya. Homa iliyorudi haikuwa ile ya kwanza. Alilala akipima hewa kwa vidole, anadai uzi mweusi, mimi hanijui. Wazazi wa wanafunzi wakaja kuulizia sare, nikawafukuza kwa ufagio. Nilikuwa nimeanza kujiona mjane, na mwanetu Tunu bado ananyonya. Nikakimbia zahanati.

Mama hakuniuliza kwa nini sikusema mapema. Alibeba mkoba wake akatembea mbele yangu. Lukmani aliposikia sauti yake akili ilimrudia kidogo, akavuta blanketi usoni.

"Stumai, mwambie mama arudi."

"Mwambie..." mama akaanza, akanitazama, kisha akaacha. Akasogea kitandani, akasema naye mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa. "Baba Tunu, mkwe wangu simtafuti hapa. Nimekuja kwa baba wa mjukuu wangu. Wewe funika uso, mimi nitaangalia kidonda. Heshima yako itakuwa juu huko, ugonjwa huku chini."

Akachukua kitenge changu akakitundika katikati ya kitanda. Alizibandua zile plasta, akaona hali, akasema hili si la nyumbani. Alitafuta gari akaenda naye Kasulu siku ileile, amemwegemeza begani. Daktari Castory alilipasua tena, safari hii pana zaidi, wakamwekea maji ya dripu. Alimwambia mama wangechelewa kidogo tu, sumu ingeenea mwilini.

Waliporudi, mama alikuja kila siku akitoka kazini. Kitenge kinatundikwa, Lukmani anafunika uso, mama anasafisha, anaweka shashi, ananawa, anaondoka. Alimwonya kwamba majipu haya huweza kuacha kijinjia kinachovuja, na kikivuja arudi kwa daktari, asione aibu. Hakikuvuja. Kidonda kilijaa kutoka chini mpaka kikafunga chenyewe. Namshukuru Mungu, namshukuru yule kijana wa Bukoba, na mama yangu sijui nimshukuru kwa lugha gani.

Mwaka uliofuata nilikuwa barazani napiga pasi, akaja Mwalimu Ildefonsi, suruali mkononi, anataka ilegezwe matakoni. Akapewa kiti, akakataa. Akapewa tena, akasema yuko sawa tu, huku ameegemea nguzo na jasho linamtoka. Baraza lilikuwa limejaa watu wa siku ya soko. Lukmani akaweka mkasi chini.

"Mwalimu," akasema, wala hakupunguza sauti, "suruali haina kosa. Mwaka jana mimi nilisimama hivyohivyo, nina jipu pembeni ya haja kubwa, nikaficha mpaka nikakaribia kufa. Nenda zahanati sasa hivi."

Mwalimu akauliza kwa sauti ya chini, "Pale si yupo yule mama?"

"Yupo. Ni mama mkwe wangu. Alinisafisha kwa mikono yake, kila siku, na ndiyo maana unaongea na mimi. Mwambie ni mwanawe Lukmani amekutuma."

Mwalimu akaondoka, taratibu, kuelekea zahanati. Mimi nilisimama nalia mbele ya soko zima, mpaka Lukmani akapiga kelele kwamba naunguza kola ya mtu.