Kamba ya Dirishani kwa Bi Consolata

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kitalu cha miche kule Smithfield, jijini Sydney, mkuu wa kitalu alinikabidhi mkasi wa kupogolea pamoja na onyo. "Hapa mnyama hafukuzwi kwa jiwe wala sumu. Posamu ukimdhuru, umejifukuza kazi mwenyewe." Posamu ni mnyama wa ukubwa wa paka, hupanda miti na kula chochote ulichokihangaikia. Mimi niliyezoea kuwarushia nyani kila kilichokuwa mkononi kule Morogoro, nilijiona nimefungwa mikono.

Nikajifunza. Paka hapendi kuchimba penye ncha, kwa hiyo nilichomeka uma za plastiki katikati ya miche, meno juu. Posamu nilimzuia kwa wavu wa matundu madogo yasiyopitisha hata kidole, asije akanasa mguu, nikaukaza juu ya fito zilizopindwa. Gharama yake ni ndogo, ila kazi hiyo inataka mtu asiyetulia. Mimi kutulia sijawahi.

Kutoka hapo nilihamia bustani za shule Granville, kisha makao ya wazee Blacktown. Huko ndiko korona ilikonikuta.

Milango ikafungwa, wageni marufuku. Mimi niliruhusiwa uwanjani asubuhi tu, na barakoa yangu, bila kukanyaga ndani. Nikiondoka, kasuku weupe wenye kishungi walishuka kwenye matuta, pamoja na kwarara, wale ndege wa midomo mirefu waliozoea mapipa ya taka. Nyumbani nilizunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka mke wangu akasema nitatoboa zulia.

Kilichoninyima raha ni tuta moja la lengalenga, ambazo sisi Watanzania huziita mchicha. Mbegu aliziacha binti wa Bi Consolata, mmoja wa wazee wa pale, mama wa Kirundi aliyeishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi Kigoma. Tangu binti azuiwe kuja, mama huyo alikuwa akirudisha sahani za chakula bila kuzigusa, na alizidi kukonda. Mpishi alikubali kumpikia lengalenga zake, zikipatikana. Kila asubuhi nilikuta mashina matupu.

Wavu kasuku waliutafuna. Nikatundika sidii kuukuu za muziki zimetemete juani, wakazichezea. Nikasimamisha sanamu ya mtu, nikaivika kofia yangu, kwarara akatua juu ya kofia. Siku hiyo niliokota jiwe. Nikalirudisha chini, nimejaa aibu.

Meneja wa majengo, kijana wa Kikenya, akanijia. "Mzee, hizi bed za mboga zikikaa tupu hivi hadi Friday, tunamwaga concrete. Si mimi, ni head office."

Dirisha la Bi Consolata lilikuwa hatua chache tu kutoka tutani. Alipoondoka meneja, likafunguka kidogo.

"Muzee, hiyo sanamu yako ni ya bure. Ndege inaona hakuna mutu. Mie niliamia mupunga tangu mutoto. Leta makopo na kamba."

Kuamia ni kukaa shambani kutwa ukilinda mimea isiliwe. Hata mimi nililelewa kwa kazi hiyo, lakini katika mahangaiko yangu yote Sydney nilitafuta vitu vya kukaa mahali pa mtu. Nilijiona mjinga kweli.

Nikajaza kokoto kwenye makopo ya nyanya, nikayafunga kwenye fito, nikapitisha kamba hadi dirishani. Akavuta. Kasuku wakarukia paani, naye akawatukana kwa Kirundi huku akicheka.

"Sawa mzee," alisema meneja, "but wakati wa nap, wazee wakilala, hakuna kuvuta."

Ijumaa ikapita bila zege. Lengalenga zikachipua upya, na baada ya wiki chache sahani ya Bi Consolata ilianza kurudi jikoni tupu.

Sasa nimestaafu, na bado sikai. Vijana wakiniuliza njia rahisi ya kuzuia wanyama, nawatajia uma, wavu na makopo, kisha nawauliza ni nani atakayeshinda na hiyo bustani.

Nami humkumbuka yule binti, siku milango ilipofunguliwa. Niliona yote nikiwa uwanjani, kupitia dirisha lililokuwa wazi. Aliingia chumbani kwa mama yake mikono wazi, machozi yakilowesha barakoa. Mama hakuinuka. Kwarara alikuwa ametua tutani.

"Shika kamba kwanza," alimwambia binti, "nipate mikono ya kukukumbatia."