Wageni Wawili wa Meza ya Nne

Kila mgeni anayefika kwetu hujaza fomu ya maswali matano. Manne ya kwanza ni ya kawaida: unatoka wapi, utakaa siku ngapi, unatumia dawa gani, nani aarifiwe ukiugua. La tano niliongeza mwenyewe mwaka wa pili wa kazi hii, kwa sababu tu nilitaka kujua: Umekuja kufanya nini? Majibu yote nimeyaweka katika faili. Wengi huandika "kuomba". Pasta mmoja aliandika "kulala", akalala kweli, siku mbili, akiamka kula tu. Mwalimu wa shule ya msingi aliandika "kukaa mahali ambapo hakuna anayeniita".

Mama mmoja kutoka upande wa Mutomo aliandika, kwa herufi kubwa zilizotoka nje ya mstari: KUAMUA NITAISHI WAPI.

Nilimwomba anieleze. Alikuwa na umri wa miaka sabini hivi, amevaa kitambaa cha kichwa cha umoja wa akina mama wa kanisa lake, na mkoba wa plastiki ameukumbatia kifuani. Mume alikuwa amekufa. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mara mbili jirani alimkuta ameanguka jikoni. Binti yake, aliyeolewa Makindu, alimtaka ahamie kwake, na alikuwa amempa hadi mwisho wa juma lile atoe jibu.

"Na wewe mwenyewe unataka nini?"

"Kuishi nataka," akasema. "Kuishi peke yangu daktari amekataa."

"Basi shida iko wapi, mama?"

Aliitazama fomu, akaitazama kalamu yangu. "Hiyo haiandikwi, mwanangu."

Sikumsukuma zaidi. Nyumba yetu iko kwenye mteremko, si mbali na soko la Kalamba: vyumba kumi na viwili, kanisa dogo, bwalo lenye meza tano. Watu huja kupumzika na kuomba, na kanuni yetu kubwa ni ukimya. Kuanzia chakula cha jioni cha siku ya kwanza hadi chakula cha mchana cha siku ya tatu, mgeni hasemi na mtu. Kabla ya kazi hii nilikuwa fundi wa matangi ya maji, na mambo ya ukimya niliyasoma peke yangu katika vitabu vya kuazima. Nilivutiwa na jambo moja: mtu akinyamaza, unaweza kumwona vizuri zaidi. Kwa hiyo nina daftari la bwalo. Naandika nani amekula, nani ameacha, nani amerudi kuongeza. Sifanyi hivyo kwa ubaya. Mtu anayetaka kuelewa pumziko ni lazima aangalie kitu fulani, nami niliamua kuangalia sahani.

Wageni nawapanga mezani kwa zamu ya kufika, ili marafiki wasikae pamoja na kuanza kunong'ona. Siku ile kulifika pia kundi la wazee wa kanisa moja la Makindu, wanaume tisa. Mmoja wao, mrefu, wa miaka arobaini na kitu, alishuka kwenye gari lao nikiwa bado namwonyesha yule mama chumba chake. Alijaza fomu yake mara baada ya mama yule. Ndiyo sababu jioni ile, kengele ilipolia, wawili hao walikaa meza ya nne, wakitazamana.

Mama alivuta kiti chake kikageukia ukutani. Akateremsha leso kutoka begani hadi usoni, akaiacha hivyo. Hakugusa chakula. Yule mwanamume alikuwa ameinamisha kichwa hadi paji la uso likakaribia sahani. Alipeleka kijiko mdomoni mara tatu, akainuka, akatoka nje bila kunawa.

Nikaandika: "Meza ya 4, wawili wanafunga."

Naomba mnielewe. Katika nyumba kama yetu chakula kilichoachwa ni habari njema. Tunawaheshimu sana wanaofunga. Hatuwaulizi, hatuwasifu, hatuwapitishii harufu ya vitunguu karibu. Asubuhi nilimwambia mpishi wetu, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, asiwasumbue wale wawili.

"Yule nyanya anafunga?" akauliza. Jikoni ukimya hauhusiki. "Mbona alisimama pale mlangoni akinusa sufuria ya muthokoi?"

"Kufunga ni vita," nikamwambia.

"Vita ya nani na nani, Mzee? Mimi nimeona mtu ana njaa."

Asubuhi hiyo hiyo, mama hakuja kwenye uji. Yule mwanamume alikuja, akaona kiti cha mama kitupu, akanywa uji vikombe viwili kwa haraka. Nikaliandika hilo pia, na alama ya kuuliza pembeni. Saa nne nilipanda hadi lango la juu kukagua bomba, nikamwona kwenye kibanda cha barabarani, amesimama, mashavu yote mawili yamejaa mandazi. Tulitazamana. Yeye hangeweza kusema kwa sababu ya kanuni, na mimi hali kadhalika. Aliinua mkono wenye mandazi nusu kunisalimu. Nikarudi nimejaa maswali. Mtu anayefunga akishindwa, kwa kawaida hushindwa kwenye meza, mbele ya chakula. Huyu alikuwa anashinda kwenye meza na kushindwa kibandani. Nilifuta jina lake kwenye orodha ya wafungaji, lakini sikuridhika.

Niliporudi uwanjani nilimkuta mama ameketi kwenye ngazi ya kanisa. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, na jasho limelowesha kitambaa cha kichwa, ingawa upepo ulikuwa baridi. Nilimwita. Alinijibu kwa jina la mtu mwingine. Ndipo mpishi alipotoka jikoni mbio, na kikombe cha maji mkononi akikoroga sukari kwa kidole, akamshika mama kidevu na kumnywesha kama mtoto. Kisha kikombe cha pili. Baada ya dakika kumi na tano macho ya mama yalirudi kutua mahali pamoja.

"Umekunywa dawa ya sukari leo?" mpishi akamuuliza.

"Nimekunywa. Ya jana pia nimekunywa."

"Na chakula?"

Mama akatikisa kichwa.

Katika fomu yake, kwenye swali la dawa aliloliacha wazi, nilikuwa nimemwandikia mimi kwa mkono wangu: vidonge vya sukari, mara mbili kwa siku. Katika daftari la bwalo nilikuwa nimeandika: anafunga. Karatasi moja ilikuwa ofisini na nyingine bwaloni, nami ndiye mtu pekee aliyekuwa amezisoma zote mbili. Sijapata kulieleza hilo kwa namna inayonipunguzia kosa.

Mpishi alimleta jikoni, akamweka kando ya jiko, akampakulia. Alikula sahani mbili za muthokoi, mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe, bila kuinua uso. Mimi nilisimama mlangoni.

"Mama, kama ulikuwa hufungi, mbona hukula?"

"Utakulaje?" akaniuliza. Aliuliza kama mtu anayetaka kujibiwa kweli. "Yule ni mume wa binti yangu."

Mpishi aliweka mwiko chini polepole. "Mzee," akasema, "umemketisha mtu na mkwe wake, magoti kwa magoti, ukaandika anafunga? Wewe ni Mkamba wa wapi? Wa kununuliwa dukani?"

Nilijua, na hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake wana *nthoni*, heshima yenye haya ndani yake: hawali pamoja, hawashikani mikono, wakikutana njiani mmoja hupisha kichakani. Shemeji yangu, mume wa dada, alipokuja nyumbani, mama yangu alipita nyuma ya ghala, na sisi watoto tulibeba maneno kati yao. Nimeyaona hayo miaka mingi. Lakini nilipoyaona bwaloni, chini ya kanuni niliyoiweka mwenyewe, sikuyatambua. Watu wawili walinyamaza mbele yangu kwa sababu ya zamani kuliko yangu, nami nikadhani ni ukimya wangu unaofanya kazi.

Nilimpigia simu binti, kama fomu ilivyoagiza. Kabla sijamaliza salamu aliuliza, "Wamekutana?"

"Ulijua watakutana?"

"Mimi ndiye niliyewapangia siku moja. Mama haambiwi, mume wangu haambiwi." Alikuwa akicheka, lakini nilipomweleza habari ya vidonge sauti ikabadilika. "Nilitaka wazoeane. Nikasema, pale hakuna kuongea, hawatakosa la kusema kwa sababu hakuna anayesema. Mahali pa Mungu, siku tatu, wakitoka hapo wanaweza kuishi nyumba moja. Nilikosea?"

Nilimwambia ukweli, kwamba mpango wake ulikuwa na akili kuliko wangu, ila ulisahau chakula.

Siku iliyobaki mama alikula jikoni. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaivunja kanuni, nilitumia jioni ile kuuliza. Nilitaka kujua nthoni huisha vipi, au kama huisha. Mpishi alisema kwao kuna mbuzi anayetolewa, na baada yake watu hula pamoja. Mlinzi wa lango, mzee wa Kitui ya kaskazini, alisema hajawahi kusikia mbuzi huyo, na kwamba nthoni huisha mmoja akifa. Mhubiri mmoja wa kundi la Makindu, si yule mkwe, aliniandikia kwenye kikaratasi, maana yeye bado alikuwa akishika ukimya: "Ukiokoka, imeisha." Niliyaandika majibu yote matatu. Sikuona sababu ya kuchagua moja.

Siku ya tatu, ukimya ulipokwisha, mkwe mwenyewe alinifuata ofisini.

"Bwana asifiwe."

"Asifiwe sana. Mandazi yalikuwaje?"

Alicheka kwa aibu, akakaa. "Ndugu, usinione mtu wa mila. Mimi nimeokoka, nahubiri hata mbele ya wazungu. Lakini nilipoinua kijiko nikaona ile leso, mkono ulikataa." Alinyoosha kiganja mezani akakitazama. "Namtaka nyumbani kwangu. Si maneno ya mke wangu tu. Akianguka kule peke yake tena, mimi nitajiambia nini? Ila najiuliza vitu vidogo. Asubuhi nikitoka kwenda bafuni na taulo, nitapitia wapi? Akikohoa usiku, nijifanye sisikii? Nyumba yangu ina mlango mmoja."

"Umemwambia hayo?"

"Nitamwambiaje?"

Nilitoka kumtafuta mama. Alikuwa chumbani kwake, mkoba umeshafungwa, ameketi kitandani kama mtu anayengoja kuitwa. Nilimweleza yote, na taulo pia. Alifunika mdomo kwa leso akacheka hadi akatoa machozi.

"Kumbe na yeye ameyafikiria," akasema. "Mimi nilidhani ni mimi tu. Nililala siku mbili nikijiuliza hilo hilo, nitaenda msalani nikipitia wapi." Akaangaza macho ukutani, akainuka, akafungua mlango, unaotokea nje moja kwa moja, na kuufunga. "Hapa kwako sikupita mbele ya mtu. Hiki chumba kina ukubwa gani?"

Sikukumbuka, na hilo liliniudhi, kwa kuwa nilikijenga mimi. Nilikwenda kuchukua futi ya kamba. Mama akatoka akasimama nje, nyuma ya kona, mahali ambapo haonekani, akanituma nimlete mkwe. Tuliingia wawili, mimi nikashika ncha moja, yeye nyingine. Futi kumi kwa kumi na mbili. Aliandika kwenye kiganja.

"Mwulize," mama akasema kutoka nyuma ya ukuta, "akinijengea kama hiki, mlango utaangalia wapi."

Dirisha lilikuwa wazi. Umbali kati yao haukuzidi hatua tatu. Hata hivyo nilimgeukia mwanamume yule nikamwuliza mlango utaangalia wapi.

"Mwambie mama utaangalia shamba. Ukuta ule wa mashariki, mbali na njia ya bafu. Na jiko lake mwenyewe."

Nilisema kupitia dirishani. Mama akajibu kutoka nje:

"Mwambie dirisha liwe kubwa kuliko hili. Hapa mtu anakaa kama kuku."

Niliyafikisha hayo pia, ingawa dirisha ni langu na nilidhani linatosha. Mkwe alicheka kimya, mabega yakitikisika. Akauliza chumba kiwe tayari lini. Nikauliza. Nilisikia viatu vyake vikisogea kwenye changarawe, vikaenda, vikarudi.

"Ndengu zangu zimetoa maua," akasema mwishowe. "Nikishavuna, alete gari."

Mwanamume aliketi kwenye ukingo wa kitanda, futi ikiwa imelegea mkononi. Macho yalikuwa yamelowa. Nilidhani mambo yamekwisha, nikaanza kukunja ncha yangu.

"Ndugu," akaniambia kwa sauti ya chini, "bado hujaniambia."

"Si umesikia?"

"Nimesikia. Lakini niambie wewe."

Nikaacha kukunja, nikamwambia.