Ndiyo kwa Yote

Mafundi wenzake walimwita Mama Ndiyo, na jina hilo hakulipata kwa upole. Upole gani? Mteja akimletea kompyuta iliyozimika ghafla ikagoma kuwaka, yeye alifungua ule ukurasa mweusi usio na picha hata moja, akaandika amri ya kukagua diski, na mwisho wa amri akaongeza kiherufi kimoja chenye maana kwamba kompyuta ikiuliza lolote, jibu ni ndiyo. Maana kompyuta inayokagua diski iliyovurugika huuliza, tena huuliza kuliko mama mkwe. Faili hili limeharibika, nilifute? Hesabu hizi hazilingani, nirekebishe? Folda hii haina pa kukaa, niiunganishe? Nani ana muda wa kujibu moja moja kutwa nzima? Mama Ndiyo hakuwa nao. Alijibu yote kabla hajaulizwa, akaenda zake kunywa chai, akirudi mashine inawaka. Kama kuna vilivyofutwa humo katikati, mteja mara nyingi hakugundua, na Mama Ndiyo hakuwa mtu wa kumkumbusha.

Kazi yake aliifanyia katika chumba kimoja cha mbele ya barabara, nusu yake, kwa sababu nusu ya pili ilikuwa ya fundi saa. Kati yao palikuwa na ubao tu, kwa hiyo kila alichosema huyu kilisikika kwa yule. Fundi saa alizoea kumtania: "Siku ukiulizwa kama ukamatwe, utajibu ndiyo." Naye alikuwa akicheka. Siku tunayoisema hapa hakucheka.

Mama Ndiyo alikuwa na kaka mkubwa, mmoja tu. Kaka huyo alikuwa mnadishaji, mtu wa kuuza makabati na vitanda vilivyotumika kwenye uwanja wa mnada, na sauti yake ilikuwa hiyo kazi yenyewe. Watu walimwita Spika. Alikuwa akitaja bei huku, na mtu wa mtaa wa pili anageuka. Kisha koo likaanza kumkereketa, akalipuuza, akanywa maji ya moto, akalipuuza tena kwa kile kichwa kigumu chake, mpaka madaktari wakasema hakuna njia nyingine, zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, litolewe. Litolewe, maana yake hatazungumza tena maisha yake yote. Tangu alipotoka hospitali majirani hawakujua wamwite nani. Kumwita Spika ilikuwa kama kumchokoza.

Ila kabla ya upasuaji, mtaalamu wa sauti wa pale hospitalini alimpa tumaini moja. Alimwambia akasome sentensi nyingi kwa sauti na kujirekodi, kisha sauti hiyo ingetiwa katika kifaa. Yeye angeandika, na kifaa kingesema kwa sauti yake mwenyewe, si ile sauti ya mashine, kama ya kopo, inayosemea kila mtu. Basi Spika akajifungia ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti, ili mwangwi usiingie, akasoma. Alisoma kwa wiki kadhaa. Aliposoma vizuri aliweka kwenye folda aliyoiita Safi, na alipokosea aliweka kwenye folda aliyoiita Takataka. Yote yalikuwa kwenye kompyuta kuukuu ya mkononi, iliyokufa betri, ambayo Mama Ndiyo mwenyewe ndiye aliyemtengenezea. Tena alimwahidi kumwekea nakala mahali pengine. "Wiki ijayo, kaka," alisema. Wiki ikaja, zikaja na nyingine.

Asubuhi hiyo aliyeingia ni wifi yake, mke wa Spika, na kompyuta ameizungushia taulo.

"Wifi, mashine imekataa," alisema. "Jana umeme ulikatika anapanga zile sauti zake ampelekee mtaalamu. Leo inaandika maneno meupe tu, haifiki popote."

"Kaka anajua?"

"Anajua. Amekaa kitandani anatazama ukuta. Lakini nakala si ipo? Ulisema utaiweka."

Mama Ndiyo alipokea ile kompyuta, akaanza kulikunjua taulo polepole. "Niachie hapa, wifi," alisema. "Wewe nenda kazini."

Wifi alimtazama, akaelewa au hakuelewa, akaondoka.

Sasa hapa nataka mnisikilize, kwa sababu watu wengi wanadhani alifanya ujinga kwa kutojua. Alijua. Kanuni ya kwanza ya kazi ile alikuwa akiwaambia wengine kila siku: usitibu diski ya mtu kabla hujainakili. Nakili kwanza, kisha tibu nakala, ukiua umeua nakala. Alijua vilevile kwamba unaweza kuiamuru mashine ikague bila kugusa kitu, ikuonyeshe tu ugonjwa. Yote hayo yalikuwa kichwani. Lakini kichwa wakati huo kilikuwa kinabishana na ile wiki ijayo. Alichomoa diski, akaichomeka kwenye mashine yake, na vidole vikaandika vilivyozoea kuandika, pamoja na kile kiherufi cha mwisho.

Akabonyeza.

Mistari ikaanza kupanda. Limeharibika, futa? Ndiyo. Limeharibika, futa? Ndiyo. Futa? Ndiyo. Ilikwenda kwa kasi ambayo jicho halifuati, na alikuwa ameshaanza kunyanyuka kwenda kuchukua kikombe chake ndipo akili ikamrudia. Alivamia vitufe vya kusimamisha kwa mikono miwili. Mistari ikasimama.

"Vipi huko?" fundi saa aliuliza ng'ambo ya ubao.

"Salama," alijibu.

Hapakuwa na usalama wowote. Alikuwa amefuta sauti ya kaka yake, hajui kiasi gani, na mwenye sauti hiyo hawezi kuisema upya. Si kama picha za harusi za mteja, unaomba radhi na kumpunguzia bei. Koo halipo tena. Akatafuta diski nyingine nzima, na sasa, sasa ndipo akanakili. Kila chembe ya ile diski, nzima na mbovu, kwenda kwenye ile mpya. Kazi hiyo haiharakishwi. Unatazama namba inapanda na huna la kufanya, na simu inalia mezani, ni wifi anapiga, na huipokei.

Aliyefika hakuwa wifi. Alikuwa kaka mwenyewe, amekuja kwa miguu, shingo ameizungushia skafu, pumzi inasikika inavyopita kwenye tundu lile chini ya koo. Alikaa kwenye kigoda cha wateja. Aliandika kwenye simu, akamgeuzia asome: *Imefikia wapi?*

"Inanakiliwa, kaka."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wa namna hiyo ndio mbaya kuliko uongo. Kaka akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akakunja mikono, akasubiri kwa imani yote. Mama Ndiyo alijaribu kutazama skrini. Alishindwa. Kila akimtazama kaka aliona anavyomwamini.

"Kaka," alisema mwishowe, "kabla ya kunakili niliigusa. Niliikagua na ile ndiyo yangu. Imefuta vitu. Na nakala niliyokuahidi sikuwahi kuiweka."

Kaka aliandika, akafuta, akaandika tena kwa muda mrefu, akafuta. Alichomwonyesha kilikuwa neno moja: *Vingapi?*

"Sijui."

Aliinuka, akaenda kusimama mlangoni, mgongo ndani, uso barabarani. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Mama Ndiyo hakuweza kujua kama analia au anapumua tu, kwa sababu hata kilio chake siku hizi hakikuwa na sauti. Alitamani agombezwe. Utotoni kaka yake akimgombeza nyumba nzima ilijua, na yakiisha yameisha. Sasa hapakuwa na wa kugombeza, na kosa lilibaki lote juu yake.

Ng'ambo ya ubao fundi saa alikuwa amesikia yote, na safari hii hakutania.

Kaka alirudi. Aliburuta kigoda mpaka kikagusana na kiti cha dada yake, akakaa, akaelekeza kidole kwenye skrini. Kwenye simu alikuwa ameandika: *Tangu mdogo ukiulizwa umefanya kazi ya shule, ndiyo. Leo tutajibu wote.*

Basi nakala ilipokamilika, wakaanza. Mama Ndiyo aliandika amri bila kile kiherufi, na mashine ikauliza swali la kwanza, ikasubiri. Alikuwa hajaiona mashine ikisubiri kwa miaka. Akamtafsiria: "Inasema faili hili limeharibika mwanzoni. Nilifute?" Kaka akatikisa kidole. Mama Ndiyo akaandika hapana. "Hili ni zima ila limepotelewa na folda yake. Niliunganishe?" Kichwa kikaitikia. Ndiyo. Walikwenda hivyo, swali kwa swali, mmoja anauliza kwa mdomo, mwingine anajibu kwa kidole, na kila hapana Mama Ndiyo aliisoma mara mbili kabla ya kubonyeza, maana hakujua kama anaokoa kitu au anaacha uozo ndani. Mahali pengine walibishana. Kaka alitaka kila kitu kiachwe, na ilibidi dada yake amweleze kwamba vipande viwili vinadai sehemu moja ya diski, na kimoja lazima kinyimwe. Kaka alimtazama kwa jicho kali sana kabla ya kuitikia.

Mafaili yasiyo na kwao mashine huyaweka kwenye folda moja ya vilivyopotea vikaokotwa. Hayana majina, yana namba tu. Walipoifungua, folda ya Safi haikuwepo, na kati ya yale ya namba hakuna aliyeweza kusema lipi ni lipi isipokuwa kwa kusikiliza.

La kwanza lilikuwa mngurumo. La pili kimya. La tatu mkwaruzo wa makoti, kisha mkwaruzo tena. Mama Ndiyo aliyabonyeza moja baada ya jingine, roho mkononi, bila kuthubutu kumtazama wa pembeni.

La saba, sauti nene ikasema, "Treni ya asubuhi... aa, nimekosea. Treni ya asu... We ulimi, una nini leo?"

Kaka alishika ukingo wa meza.

Yalikuwa ya Takataka. Yale mazuri aliyoyasoma kwa utulivu, ile ndiyo kwa yote iliyafuta karibu yote; yaliyosalia ni makosa yake, kukohoa kwake, kucheka kwake mwenyewe kwa mwenyewe ndani ya kabati. Mama Ndiyo alimpigia simu mtaalamu wa sauti na kumweleza bila kuficha.

"Usomaji au ugomvi, kwangu ni sauti yake," mtaalamu alisema. "Lakini kipimo hakibadiliki. Nikipata chini ya saa moja ya maneno yanayosikika, kifaa kitakuwa kinabahatisha. Sitaki kumpa kitu cha kumfanya achekwe."

Wakarudi kujumlisha. Haya yanasikika, weka huku. Haya ni mngurumo, weka kule. Alitumia pia programu nyingine ya kuchokoa diski chembe kwa chembe, ikaleta vipande vilivyokatikakatika, vichache vya kufaa. Alijumlisha mara mbili, na mara zote mbili hazikufika. Lilibaki faili moja, refu kuliko yote. Likiwa zima, saa inatimia. Likiwa limekatika katikati, basi. Na kwa kulitazama huwezi kujua, ni mpaka ulicheze lote.

"Nicheze?" aliuliza, na lilikuwa swali kweli.

Kaka alifumba macho, akaitikia.

Sauti ya Spika ikajaa chumba. Alisoma sentensi, akaiharibu, akaitukana, akaanza upya. Ng'ambo ya ubao fundi saa aliacha kukaza skrubu. Dakika zilipita, na kila sauti ilipopumua Mama Ndiyo alidhani ndiyo imekatika hapo. Kidole chake kilikuwa kinafuata kile kistari cha kijani kwenye skrini kinavyosogea, kama mtu akisogea nacho kitafika.

Wifi aliingia wakati huo kutoka kazini, mikoba mikono yote, akiwapa mgongo kwa sababu alikuwa anausukuma mlango kwa kisigino. Kelele za barabara zikaingia naye.

"Mama watoto!" ilifoka sauti ya mumewe. "Mlango huo! Mara ngapi nimesema narekodi?"

"Nafunga, nafunga," alijibu wifi, "usinigombeze mbele za watu," na akaufunga.

Mkono wake ukabaki kwenye komeo. Hakugeuka. Mkoba mmoja uliteleza ukaanguka sakafuni na hakuuokota. Kaka alisimama, akafika nyuma yake, akamshika mabega yote mawili, na kwenye meza sauti yake ikaendelea kunung'unika juu ya milango na wanawake, kisha ikakohoa, ikatulia, ikarudi kwenye sentensi yake na kuisoma mpaka mwisho.

Kistari kilifika ukingoni. Mama Ndiyo akaandika muda, saa ikatimia, na kabla hajasema neno alianza kutengeneza nakala ya pili.