Siku Niliyoposa Bila Kujua

Mpaka leo nikipita Ngaramtoni siku ya gulio nashusha kofia mpaka puani, na mtu akiniuliza namwambia jua kali, lakini ukweli ni aibu, tena aibu ya kujitakia, na kwa kuwa wengine wameshaanza kuwasimulia kwa kutia chumvi, afadhali muisikie kwangu.

Mnajua mimi ni mlezi wa kile kikundi cha vijana pale Sombetini. Tunakutana kila Jumamosi kwenye darasa la kuazima, vijana wengi wao wanatoka familia zisizo na kitu, na kazi yangu ni kuwafundisha uongozi, wasimame mbele za watu waseme wanachotaka, na wasichana hasa nawafundisha kukataa kuozwa wakiwa wadogo (hapo ndipo panaponiuma). Mwaka ule tukapata nafasi moja ya msichana kwenda kukaa wiki chache na vijana wa nchi nyingine, wajifunze mila zetu na yeye ajifunze zao, na aliyechaguliwa ni Naserian, binti wa Kiarusha wa kidato cha tatu, anayekaa mjini kwa shangazi yake siku za shule lakini kwao ni kule juu ya Ngaramtoni. Kilichobaki ni ridhaa ya baba yake kwa maandishi. Walioandaa safari walituambia wazi kwamba ridhaa isipopatikana kufikia Jumapili, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Sasa mimi ni Mchagga wa Rombo niliyekulia mjini, na nimefundishwa kwamba kwa mtu haendi mtu mikono mitupu. Dada Eliaichi, katibu wetu, akaniambia nunua sukari na sabuni, inatosha. Mimi nikajiona mjuzi, nikasema sukari na sabuni ni za kumpelekea mzazi aliyejifungua, mzee wa Kiarusha anataka heshima ya kwao. Nikaenda sokoni nikamuuliza muuzaji wazee wa Kiarusha wanapenda nini, naye (simlaumu, nilivyouliza ndivyo nilivyojibiwa) akanipa dumu la asali na tumbaku ya kunusa. Haikutosha. Nikavaa shuka jekundu juu ya shati jeupe, nikamvalisha na rafiki yangu Elibariki shuka lingine, Jumapili yenyewe tukapanda pikipiki yake tukaenda huku nimelipakata dumu.

Mama Naserian alilipokea kwa mikono miwili, akauliza, "Hii ni ya nani?"

"Ya mzee, mama. Na tumbaku hii ni yake pia."

Akaniangalia, akaliangalia shuka, akamwangalia Elibariki, kisha akaliweka dumu mlangoni bila kuliingiza ndani. Nikaona ametumwa mtu upande wa pili wa migomba, na punde si punde wakaanza kuingia wazee, mmoja mmoja, na fimbo zao. Nikamnong'oneza Elibariki kwamba umeona, wametupa uzito. Nikawaamkia wote shikamoo, wakaitikia kwa sauti ya chini, na baba yake Naserian akaketi mbele yangu, mtu mwembamba asiyepepesa macho.

Nilikuwa nimesikia kwamba kwa wazee hukimbilii shida yako, unangoja uulizwe. Basi nikangoja. Akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia. Akaniuliza kama tunafuga, nikasema tunao ng'ombe wa maziwa, tena kwa majivuno. Akauliza, "Umeoa?"

"Bado, baba. Natafuta."

Hakuna aliyecheka. Nikaamua kumsifia binti, nikasema Naserian ana nidhamu, anajituma, nimemfuatilia tangu alipoingia kidato cha kwanza nikaona huyu ni wa pekee. Jamani, ningekuwa na uwezo wa kuyameza maneno yangu ningeyameza pale pale, maana uso wa yule baba ulibadilika nikauona.

Mzee mmoja, baba yake mkubwa Naserian, akaniuliza, "Ero, kijana, ni wewe unayewaambia watoto wetu wasiolewe?"

"Ni mimi, baba."

"Na asali umeleta."

"Nimeleta."

"Na tumbaku. Hapa kwetu, mwanaume asiye na mke akileta asali na tumbaku kwa baba wa msichana, amekuja kuchumbia. Mtoto mdogo anajua."

Nikaanza kujieleza, safari, ridhaa, mila, muuzaji wa sokoni, maneno yakatoka hovyo, na baba Naserian akaninyamazisha kwa kuinua mkono tu.

"Vijana wa hapa wamekuja, wenye ng'ombe," akasema taratibu. "Nimewakataa. Nimewaambia binti yangu anasoma. Wewe nilikuamini, kumbe ulikuwa unamtunza kwa ajili yako. Haendi safari. Na mjini harudi."

Niliogopa, nasema kweli. Sikuogopa fimbo. Niliogopa kwamba yule mtoto alikuwa anapoteza safari na shule kwa sababu yangu. Baba akamwita atoke nje. Akatoka, akainamisha kichwa kwa kila mzee, wakamgusa utosini kama kawaida, kisha baba akamuuliza mbele ya wote, "Una neno na mtu huyu?"

Nikataka kusema kitu, Naserian akaniwahi. "Mwalimu, nyamaza."

Akamgeukia baba yake.

"Sina neno naye, papa. Huyu ni mwalimu wetu na mambo ya kwetu hajui. Angejua, asingefunga shuka kama mama mzee."

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Naserian hakucheka. "Safari ninaitaka. Ukinikatalia kwa kosa langu, nitakaa. Usinikatalie kwa ujinga wake."

Baba yake akamtazama, kisha akalitazama dumu pale mlangoni. Mwishowe akasema asali itoke kwanza ndipo mengine yazungumzwe, na aje mwanamke ayazungumze. Nikalibeba dumu mwenyewe, nikapita mbele ya wazee, mbele ya akina mama, mbele ya majirani waliokwisha kujaa kwenye uzio, shuka likinidondoka. Nikampigia simu Dada Eliaichi, akaja mbio kutoka mjini, akaingia, mimi nikakaa barabarani kwenye jiwe. Jua lilikuwa linazama alipotoka na ridhaa mkononi.

Naserian alimsindikiza, kisha akanifuata pale kwenye jiwe. Nikamwomba radhi. Akaniambia, bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, "Nimeulizwa habari za mwanaume mbele ya baba zangu wote. Mwalimu, mimi nilikuwa hapa nyumbani tangu Ijumaa. Ungeniuliza."

Alisafiri, akarudi salama, na siku hizi Jumamosi ni yeye anayewafundisha wasichana wadogo wa kikundi. Mimi nimeapa siendi tena kwa mzazi wa kijana yeyote kabla kijana mwenyewe hajaniambia niendeje, nivae nini, na kama niende kabisa. Miaka yote ile niliwafundisha waseme, na siku moja ya maana sikumuuliza hata mmoja.