Fuvu Lililoitwa la Kuokotwa

Niliondoka Machame, Kilimanjaro, kwenda kumrudisha babu wa baba yangu. Zamani kwetu, mzee akishakaa kaburini miaka kadhaa, wanawe walifukua fuvu lake wakaliweka mgombani, chini ya masale, mmea tunaoupanda kuwaheshimu wafu. La kwetu lilichukuliwa enzi za Mwingereza. Mwaka huu jumba moja la makumbusho la London likatuandikia kwamba lina fuvu kutoka kihamba chetu, shamba la ukoo.

Jumamosi, Lewisham, London. Nilifikia kwa Mama Neema, jirani yetu wa zamani, ambaye sasa anahudumia wazee huko.

"Kaka, appointment yako ni Monday," alisema, "lakini hawa watu ni mafomu tu. Usijipe moyo sana."

Jumatatu asubuhi, kwenye jumba lile la makumbusho, nilipokelewa na mtaalamu wao wa mifupa ya kale, mama mpole. Fuvu lenyewe hakunionyesha. Walikuwa wamelipiga skani, nalo likawa linazunguka polepole kwenye kompyuta.

"Taya la kushoto lilivunjika akiwa hai, kisha likapona," alisema kwa furaha.

Nikamwambia ng'ombe alimpiga teke, na mpaka anakufa alitafunia upande mmoja. Hadithi hiyo tumelelewa nayo. Aliandika kila neno.

"Basi ndiye," nikasema. "Naomba nimpeleke nyumbani."

Akainamisha macho. Daftari lao, alisema, linaonyesha kwamba fuvu liliokotwa shambani, nje ya kaburi, halina mwenyewe. "Ila skani unaweza kuondoka nayo. Kwa utafiti inatosha kabisa."

Nilipandwa na hasira. Kinachookotwa ni kilichoanguka. Hili liliwekwa pale na watoto wake, na kila mgeni aliyeishi kwetu alijua masale yana maana gani. Aliyelichukua aliiba, halafu akaandika uongo.

"Kama inatosha," nikamwambia, "bakini nayo ninyi, mnipe babu yangu."

Alinikabidhi flashi yenye ile skani.

Ijumaa, Machame. Shangazi, mkubwa wa ukoo kwa sasa, aliwakusanya ndugu sebuleni nami nikawasha kompyuta.

"Mbona wanamzungusha hivyo?" akauliza.

"Ndivyo wanavyomsoma, shangazi."

"Msimamishe."

Nikamsimamisha. Shangazi akavua kitenge chake mabegani, akafunika nacho kioo cha kompyuta, akatoka nje bila kuaga mtu.

Nilidhani wakishajua ni nani watamtoa. Nilichojifunza London ni kwamba wanaweza kumjua mtu hadi ufa wa taya lake, na bado wakakwambia usoni hana mwenyewe.