Mchezaji anaulizwa babu yake nani!

Kamati ya klabu yetu ivunjwe leo hii, na wa kwanza kutoka awe Ami Nassor, mwenyekiti.

Tunachagua wachezaji wapya hapa Ibra, Oman, kabla ligi ya daraja la pili haijaanza Ijumaa. Mie kocha msaidizi. Siku tatu nimesimama juani na daftari langu.

Kuna winga mmoja katoka Al Mintirib, mji wa jirani. Wallahi, mabeki wote kawapita kama wamefungwa kamba.

Ami Nassor hata hakumtazama. Kauliza tu, "Huyu mtoto wa nani?"

Hakuna anayemjua baba yake. Basi, jina likafutwa!

Nafasi kapewa beki mzito, dakika kumi tu ulimi nje. Sababu? Babu yake alisakata mpira Unguja enzi hizo.

Nikapandisha sauti mbele ya wote: "Ami, babu yake ndiye atakayecheza Ijumaa?"

Akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Na wewe tulikuchukua kwa ajili ya babu yako. Ulidhani kwa miguu hiyo?"

Uwanja mzima ukacheka. Hata yule winga.

Miaka tisa nimevaa jezi namba kumi!

Nyie mliocheza nami, semeni kweli: nilikuwa mbovu?