Turubai la Saidi

Mwanangu, kwa kuwa umepata kazi ya majitaka, nimeikumbuka siku moja ya upepo mkali pale Masasi, siku Saidi alipochoka kuona maji yanapotea.

Mimi na Saidi tulikuwa vijana, vibarua wa machinjioni. Majitaka yalipandishwa kwa pampu juu ya mnara wa mbao, yakashuka matone matone kwenye mbao zilizoachiana nafasi, upepo ukipita katikati na kuondoka na ile gesi inayonuka kama yai viza. Yakifika chini tulimwagilia miche ya mikorosho. Upepo ukizidi, mengine yalirushwa nje.

Saidi kwao Mnyambe, huko Newala, ambako maji ni adimu na hayaachwi wazi. Akaleta turubai, akauzungushia mnara. Msimamizi wetu, Mzee Issa, alikuwa ameshakataza kuziba pale. Kwa haki niseme, hakutueleza sababu. Na sina hakika kama tungemsikia.

Nilimtania Saidi kwamba anauvalisha mnara kanga. Akacheka, akaingia ndani kuzibua uchafu uliokwama kati ya mbao. Mwanzo alilalamika harufu. Baadaye akatuambia, "Mnaona? Hata harufu imekata."

Hakusema tena. Gesi ile ikizidi, pua huacha kuisikia, lakini hilo nililijua baadaye.

Tukasikia kishindo. Nilipokimbilia ndani, Mzee Issa alinikamata shati.

"Turubai kwanza, mwanangu."

Nikamtukana. Hakuniachia, mkono wa pili ukikata kamba kwa kisu cha kuchunia ngozi. Upepo ulipoingia tukamtoa Saidi, ameshakufa. Miaka mingi nilimwona mzee yule katili. Siku hizi nadhani tungebeba maiti mbili, ingawa naweza kuwa nakosea.

Tulimpeleka kwao. Mama Saidi alitutekea maji ya kunawa kwenye pipa, akarudisha mfuniko, na juu ya mfuniko akaweka jiwe. Mzee Issa alifumbua mdomo amweleze kilichomuua mwanawe, akalitazama lile jiwe, akanyamaza.

Basi, mwanangu, ukikuta kitu kimeachwa wazi, uliza sababu kabla hujakifunika. Harufu ikikata ghafla, toka. Na siku ukiwa msimamizi, usikataze tu ukaondoka, kaa ueleze. Mungu akulindie pumzi yako, kila jioni akurudishe kwa mama yako kwa miguu yako mwenyewe.